Mukula, Shaba na Bei ya Mwisho wa Njia



Mwezi huu katika umoja wetu lile neno limerudi tena: tuchange makuta, tuende vijijini, tukusanye mali, tuipeleke nje. Mmoja anataka asali, mwingine maharagwe, mwingine hasikii kitu isipokuwa mawe ya kobalti. Wakubwa wa umoja wameniomba niandike maneno machache kabla ya mkutano, kwa sababu nilisoma historia, na tena biashara hiyo niliwahi kuifanya. Nitasema yote mawili. Nitaanza na aibu, kisha historia, kwa kuwa kwangu mambo yalikuja hivyo: nilipoteza kwanza, nikaelewa baadaye.

Ilikuwa 2016. Tulikuwa watano, diploma mkononi, kazi hakuna. Wakati ule Lubumbashi nzima ilikuwa inasema mukula. Mukula ni mti wa msitu wetu wa miombo. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na moyo wake ni mwekundu vilevile. Wazee wanautumia kama dawa. Unakua polepole sana. Kule Uchina watu wenye pesa wanapenda mbao nyekundu za namna hiyo kwa viti na makabati, na wanunuzi wakaja kuzitafuta mpaka kwetu. Kila asubuhi ulikuwa unaona makamyo yanatoka njia ya Kasenga yamebeba magogo, yanapita mjini, yanashuka Kasumbalesa, yanaingia Zambia, yanaelekea bandarini.

Tukachanga. Tukaenda katika kijiji kimoja cha upande wa Kasenga, tukaongea na mzee mmoja ambaye miti ilikuwa kwenye ardhi ya ukoo wake. Tulipatana hivi: nusu ya bei tunatoa siku ile, nusu tunaleta tukisha kuuza. Bei ilihesabiwa kwa mti. Mzee hakuandika kitu. Alisema tu, "Batoto ba masomo habawezi kunidanganya."

Kwenye depo, nje ya mji, mnunuzi alikuja na mita yake. Sisi tulikuwa tumenunua mti mzima. Yeye akapima moyo mwekundu peke yake. Sehemu nyeupe ya nje hakuihesabu. Gogo lililopinda alilitoa, lenye ufa alilipunguza nusu kwa kalamu. Mita ilikuwa yake, kalamu yake, daftari lake. Jioni tulikuwa tumepokea makuta ya kutosha kulipa kamyo, vibali na barabara. Barabara zetu mnazijua wenyewe, zina vizuizi vingapi. Faida hatukuiona.

Na yule mmoja ambaye angetupa bei nzuri, tulimfukuza wenyewe. Hapa nieleze kidogo kwa msomaji asiye wa Katanga. Kwetu, mtu akisema "nauza" anamaanisha ananunua. Akitaka kutoa mali apokee pesa, anasema "nauzisha". Katika andiko hili nafuata Kiswahili cha vitabu, kununua na kuuza, ila mtu wa kwetu akiongea mkumbuke hilo. Basi siku ya pili, tukiwa bado na magogo kadhaa yaliyobaki, akaja mtu wa Tanzania. Akasimama mbele ya mali yetu, akauliza kwa Kiswahili kizuri cha kwao: "Vijana, mnauza?" Mwenzetu akajibu haraka: "Hapana, kaka. Siye hatuna makuta ya kuuza kintu." Yule mtu akatuangalia, akaangalia magogo, akatikisa kichwa, akaenda kwa jirani yetu. Jirani alikuwa amekaa sana Tunduma, alielewa. Bei aliyopata, mpaka leo sipendi kuitaja.

Tulifanya safari ya pili. Mara hii mnunuzi alisema atalipa mali ikisha kuvuka. Mwanzoni mwa 2017 Zambia ikazuia mamia ya makamyo ya mukula yaliyotoka kwetu. Mnunuzi akazima simu. Pesa yetu ikabaki kwake, na nusu ya yule mzee ikabaki kwetu. Hatukuipeleka. Kila mmoja alitafuta maisha kwingine, na njia ya Kasenga tukaiepuka.

Sasa kilichoniuma zaidi. Memwari yangu ilikuwa juu ya biashara ya zamani ya Katanga. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya watu waliofanyiwa hivyo hivyo, nikapata alama nzuri, halafu nikaenda kufanyiwa. Kwa hiyo niwaeleze historia yenyewe, safari hii bila kutafuta alama.

Kabla ya reli, kabla ya Wazungu, ardhi hii ilikuwa tayari inatoa shaba. Watu walitafuta jiwe la kijani, malakiti. Walichimba wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yamepumzika, wakayeyusha jiwe kwa makaa na mivukuto, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo tunaijua kwa jina la handa. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale kwenye bonde la Upemba, wachimbuaji wa mambo ya kale waliikuta imewekwa pamoja na wafu. Ile ya zamani ni michache na mikubwa. Kadiri karne zilivyopita inakuwa midogo, mingi, na ya vipimo vinavyofanana, na hapo wataalamu wakaona kwamba ilikuwa inatumika kama pesa. Ndiyo maana mwaka 1960, Katanga ya Tshombe ilipojitenga, iliweka misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera yake.

Angalia vizuri jambo hilo. Shaba ilisafiri mbali kutoka mgodini mpaka ziwani, hapakuwa na mgodi wa shaba Kisale. Lakini mtu aliyeizika na baba yake alijua handa moja ina thamani gani. Mwanzo wa njia na mwisho wa njia vilikuwa katika dunia moja, na watu wa pande zote mbili waliweza kubishana bei.

Kisha wakaja wafanyabiashara kutoka mashariki. Kalasa, mtu wa Usumbwa upande wa Unyamwezi katika Tanzania ya leo, alikuwa anakuja na misafara kutafuta shaba. Mwanawe, Ngelengwa, alikuja naye akabaki, katikati ya miaka ya 1850 hivi. Sisi tunamjua kwa jina la Msiri. Akajenga mji wake Bunkeya, katika jimbo ambalo leo ni Lualaba, na ufalme wake ukaitwa Garenganze. Watu wake ni Bayeke, na mafundi wao walijua kuvuta shaba iwe waya mwembamba wa bangili.

Bunkeya ilikuwa na milango miwili. Mlango wa mashariki ulikwenda Tabora, Bagamoyo na Unguja. Mlango wa magharibi ulikwenda Bihe, mpaka Benguela kwenye bahari ya Atlantiki. Shaba ilitoka, chumvi ya Mwashya ilitoka, pembe za ndovu zilitoka, na tuseme bila kuficha, watu waliofungwa kamba walitoka vilevile. Vitambaa, shanga, bunduki na baruti viliingia. Msiri alielewa kitu ambacho sisi watano hatukukielewa na diploma zetu: mwenye mnunuzi mmoja anapangiwa bei. Alitaka wanunuzi wa bahari mbili. Hata ndoa yake na Maria de Fonseca, mwanamke wa familia ya wafanyabiashara wa upande wa Angola, ilikuwa kamba ya kuufunga mlango wa magharibi kwake.

Wengine hapa wataishia kusema: Msiri alikuwa mtu wa akili, tumuige. Mimi nasema tusome ukurasa wote. Nguvu aliyokuwa nayo mbele ya wanunuzi aliitumia pia nyuma, juu ya wenye nchi. Basanga, ambao mababu zao walikuwa wanachimba shaba ile, walijikuta wanatoa kodi kwa ajili ya mali ya ardhi yao, na wengine waliona watu wao wakienda na misafara bila kurudi. Mwaka 1891 ulipofika walikuwa wameasi, na ufalme ulikuwa unatikisika kutoka ndani.

Wageni wakaja wakati huo huo. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika na karatasi ya mkataba, Msiri akaikataa. Mwaka uliofuata ukafika msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi akafa, na Bodson mwenyewe akauawa. Mwaka 1892 mjiolojia Jules Cornet akapita, akashangaa utajiri wa mawe yetu. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuiita Katanga "kashfa ya kijiolojia". Tangu hapo bei ya shaba yetu haikukaa tena Bunkeya wala Kisale.

Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni ilikuwa na mawe, lakini bila reli mawe ni mawe tu. Na reli haikutoka Kinshasa. Ilipanda kutoka kusini, kutoka Cape, ikapita Bulawayo na Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, ikafika Sakania 1909, ikafika hapa 1910. Mji wa Elisabethville, Lubumbashi yetu, ulizaliwa mwaka huo huo, kando ya reli. Mwaka 1911 tanuru likatoa shaba ya kwanza, jiwe likitoka mgodi wa Étoile, ambao watu wa hapa wanauita Kalukuluku. Treni iliishusha shaba kusini, mpaka bandari ya Beira kwenye bahari ya Hindi. Na ilipopanda ilileta makaa ya mawe ya Wankie kwa ajili ya tanuru, na bunga ya Rhodesia kwa ajili ya watu.

Nawaomba mshike hapo, kwa sababu bukari mnayokula leo imo ndani ya sentensi hiyo. Mji ulijengwa kwa kutoa jiwe. Chakula chake kilipangwa kitoke mahali pengine, kwa njia ileile ya jiwe. Mfanyakazi alipewa posho, kipimo cha bunga kwa wiki, na aliyepima ni mwajiri. Leo, zaidi ya miaka 110 baadaye, Zambia ikipata ukame kama ule wa 2024, au ikifunga mpaka kwa mahindi yake, sisi tunalia sokoni Lubumbashi. Ardhi tunayo, mvua tunayo. Njia tuliyorithi ndiyo ilipangwa hivyo.

Hata njia ya Kasenga ina historia yake. Kabla ya magogo yetu ilibeba samaki. Wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, kwenye mto Luapula, wakiwa na mashua, barafu na makamyo, wakaleta samaki wa Luapula na ziwa Mweru mpaka Elisabethville kuwalisha wafanyakazi. Mvuvi alikuwa na wavu. Lakini samaki bila barafu hangoji, na mwenye barafu anangoja. Nani alipanga bei, hapo hauhitaji memwari.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia shaba yetu ilihitajiwa sana. Iliondoka usiku na mchana. Sokoni bei za vitu zikapanda, mishahara ikawa nyuma. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière wakagoma. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na hesabu yake inabishaniwa mpaka leo. Mmoja wao ni Léonard Mpoyi, aliyekuwa amesimama kuwasemea wenzake. Hawakuomba mgodi. Waliomba mshahara ulingane na bei ya maisha.

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kimekwisha kuondoka, na karibu hakuna mtu hapa aliyejua. Huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, tangu 1915 lilijulikana jiwe lenye urani. Kwa miaka mingi lilichimbwa kwa ajili ya radiamu iliyomo ndani yake. Urani yenyewe ilikuwa na matumizi madogo. Mwaka 1940 mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka tani kama 1,200 za mawe hayo Marekani, zikawekwa ghalani Staten Island, New York. Mwaka 1942 ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimfuata ofisini kuuliza kama urani ya Kongo inaweza kupatikana. Ilikuwa tayari mjini mwao. Tarehe 6 Agosti 1945 dunia nzima ikajua, huko Hiroshima, jiwe lile lilikuwa la nini. Wachimbaji wa Shinkolobwe walilibeba bila kuambiwa.

Uhuru ukaja 1960. Mwaka 1967 Union Minière ikataifishwa, ikawa kampuni ya taifa, ile tuliyozoea kuiita Gécamines. Wazazi wetu wengi walisomeshwa na Gécamines, nami sitaki kuidharau. Lakini hapa kuna jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Mgodi ulikuwa wetu, tanuru ni letu, bendera ni yetu. Kazi ya kuuza shaba ilipewa kampuni ya Brussels, Société Générale des Minerais, ya familia ileile ya makampuni iliyokuwa na Union Minière. Sehemu ya usafishaji wa mwisho ilikuwa bado inafanyika Ubelgiji. Mwaka 1974 serikali ikaunda Sozacom ili Zaire iuze yenyewe, na kufika 1984 ikavunjwa. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, ambayo tangu 1931 ilikuwa mlango wetu mfupi wa Atlantiki, na shaba ikalazimika kuzunguka kwa njia ndefu. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kufika 1994 ilibaki kama tani 30,000. Sababu ni nyingi, na wizi wetu wenyewe umo, tusimsingizie Mbelgiji kila kitu. Ila kampuni ambayo kwa muda mrefu haikuuza yenyewe, siku za shida ilikuwa na nguvu ndogo ya kujitetea.

Mkitaka mfano wa karibu, tokeni nje muangalie. Ile dohani ya Gécamines na kile kilima cheusi pembeni yake, ambacho kila mtu wa Lubumbashi amepiga nacho picha. Kilima hicho ni mabaki ya tanuru, vitu vilivyotupwa tangu wakati wa Wabelgiji. Tulikua tukijua ni uchafu. Ndani yake mna kobalti, na mna jerimani, madini yanayotumika katika nyaya za intaneti na vioo vya kamera za usiku. Mwaka 2024 Gécamines ilianza kupeleka jerimani ya kilima hicho kwa kampuni ya Ubelgiji, Umicore. Na Umicore ni nani? Ni jina jipya, tangu 2001, la Union Minière. Mjukuu amerudi kununua majivu ya jiko la babu yake. Nasema kwa haki: safari hii kiwanda cha hatua ya kwanza kiko hapahapa mjini, na mali inaondoka ikiwa na jina lake na bei yake. Babu hakutufanyia hivyo.

Na kobalti, ambayo baadhi yenu mnaitaka sana. Nchi yetu inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Pamoja na hayo, bei ilianguka mpaka Februari 2025 serikali ikasimamisha kuipeleka nje, na Oktoba mwaka ule ikaweka viwango vya kiasi gani kila kampuni iruhusiwe kutoa. Kwa hiyo hata mwenye asilimia 70 anaweza kupangiwa bei. Kijana mwenye magunia kumi ya mawe barabarani anajidanganya nini?

Najua mtanijibu. Mtasema: mkubwa, haya ni mambo ya mataifa na makampuni, siye tunatafuta tu makuta ya kodi ya nyumba. Ni kweli. Lakini nimeanza na mukula kwa makusudi. Mita ya yule mnunuzi na posho ya Union Minière ni kitu kimoja: apimaye ni mwingine, nawe unakubali. Kuna upande wa pili ambao katika memwari niliupitia haraka. Sisi watano tulidhulumiwa mwisho wa njia, halafu tukamdhulumu aliye mwanzo wa njia. Mnunuzi alitupunguzia, sisi tukampunguzia mzee. Msiri aliwabana Basanga vivyo hivyo. Aliye katikati anaona mtu mmoja tu anayemkosea, aliye mbele yake. Aliye nyuma yake hamgeukii.

Mwaka 1965 André Yav na wenzake, waliokuwa wafanyakazi wa majumbani mwa Wazungu, waliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Hawakuwa na diploma. Waliandika yale waliyoyaona. Nilipoisoma nikaona haya, kwa kuwa mimi yangu niliyoyaona nilikuwa nimeyaficha.

Basi kiangazi kilichopita wawili kati yetu watano tulipanda njia ya Kasenga. Tulihesabu deni kwa dola, maana mwaka 2016 dola moja ilikuwa kama franka 1,000, baadaye ikapita 2,000. Kumlipa mzee kwa franka za zamani ingekuwa kumwibia mara ya pili. Tulimkuta amekaa mbele ya nyumba. Macho yamepungua, sauti bado.

"Mulirudia?"

"Ndiyo, papa. Tunaleta deni."

Alihesabu pole pole, akahesabu tena. Hakutushukuru, hakutugombeza. Msitu nyuma ya nyumba yake ulikuwa vichaka. Akauliza: "Na ule muti, kule balifanya nayo nini?"

"Viti, papa. Na meza, na makabati."

"Kiti kimoja banauzisha bei gani?"

Mwenzangu aliniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye wa historia. Sikuwa na jibu. Mzee akangoja kidogo, akaweka makuta mfukoni, akaita mjukuu wake atuletee maji.

Kwa hiyo katika mkutano nitapendekeza haya. Kabla ya mtu kuchanga hata franka moja, wawili kati yetu waende mpaka pale mali inapofikia, iwe Kitwe, iwe Dar es Salaam, waulize bei, waandike, warudi. Tununue mita na mizani yetu. Tumpe mwenye asali au maharagwe kijijini bei tuliyoiona kule, aijue kabla hatujapatana naye, na tumlipe yote kabla ya kupakia. Mukula tusiuguse: tangu 2019 uko kwenye orodha ya dunia ya miti ambayo biashara yake inachungwa, na msitu wa yule mzee nimeuona kwa macho. Faida ikitoka ndogo baada ya hayo, tutajua kwamba ndiyo faida yenyewe, na tutaamua kama inatosha.

Nauli ya wale wawili, mimi naanza kuchanga leo. Na mmoja wao akifika dukani kwenye viti vyekundu, aniulizie bei ya kimoja. Kuna mtu ninayepaswa kumpelekea jibu.